Sarafu ya zamani imetoka ardhini: uitambue kwa simu, kwa katalogi, kwa wakusanyaji, kwa mfanyabiashara au kwa makumbusho?

Detekta, yaani mashine ya kutafutia metali ardhini, imelia, umechimba kwa uangalifu, na ndani ya bonge la udongo kuna kitu cha duara. Kila anayefika hapo huuliza swali moja: hii ni sarafu gani? Njia za kulijibu ni kadhaa, na watu hubishania ipi ni bora kana kwamba zote zinafanya kazi moja. Ukweli ni kwamba ipo inayokupa jina la sarafu kwa dakika moja, ipo inayokupa mwaka na mji ilikofuliwa, ipo inayokuambia kama ni halisi au bandia, na ipo inayoweza kueleza ilifikaje pale ulipoichimba. Ukijua unachotaka kujua, kuchagua kunakuwa kwepesi.

Vigezo

Nimezipima njia tano kwa mambo manne. La kwanza ni usahihi: njia inafika wapi, na huanza kukosea wapi. La pili ni muda na gharama. La tatu ni usalama, wa sarafu yenyewe na wa habari za mahali ilipotoka, kwa sababu kipande cha shaba kilichochakaa kinaweza kukosa mnunuzi kabisa huku mahali kilipolala pakiwa na mengi ya kusema. La nne ni nani anayefaidika nayo.

Kabla ya kuchagua

Yapo mambo ambayo njia zote zinayahitaji, na yasipofanyika hakuna njia itakayokusaidia vya kutosha.

Usiisugue. Siki, limau, dawa ya meno, brashi ya waya, vyote viache. Utando wa kijani au kahawia juu ya shaba ni ngozi ya sarafu, na mara nyingi herufi zilizobaki zimo ndani ya utando huohuo. Ukiuondoa unaondoka na maandishi. Udongo uliolegea unatosha kuondolewa kwa kuiloweka katika maji yaliyotoneshwa. Ukiona unga wa kijani mpauko unaorudi kila unapokauka, hiyo si kutu ya kawaida. Ni kloridi inayoila shaba kutoka ndani, na inahitaji mtu mwenye ujuzi wa kuhifadhi vitu vya kale.

Kisha pima. Uzito uwe katika mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kipenyo kwa milimita. Ijaribu kwa sumaku: dhahabu, fedha, shaba na bronzi hazinasi, chuma na nikeli hunasa. Tazama ukingo: una vifereji vilivyolingana, maandishi, au mstari wa kuungia unaoashiria kwamba imemiminwa katika kalibu? Halafu ishike juu na chini kwa vidole viwili, kichwa kikiwa wima, uizungushe. Picha ya nyuma itatokea imesimama, imepinduka au imelala upande. Andika. Kitu hiki kidogo husahaulika sana, lakini kinaweza kutenganisha sarafu mbili zinazofanana kwa kila kitu kingine.

Piga picha pande zote mbili na ukingo, rula ikiwa kando, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali. Piga nyingine ukiwa na taa iliyoinamishwa hadi karibu kugusa meza. Mwanga wa pembeni hufufua herufi ambazo jicho halizioni, kwa kuwa hata kinundu kilichosagika bado hutupa kivuli. Mwisho, weka kumbukumbu ya mahali: vipimo vya ramani kutoka kwenye simu, kina cha shimo, na vitu vilivyokuwa karibu.

Programu ya simu na utafutaji kwa picha

*Usahihi.* Kwa sarafu za karne mbili zilizopita zilizofuliwa kwa mashine na ambazo bado zinasomeka, programu hizi zinafanya kazi nzuri kuliko wengi wetu tulivyotarajia. Udhaifu wake ni kwamba zinalinganisha sura na sura. Sarafu iliyotoka ardhini imekula kutu, imepinda, imepoteza nusu ya uso, wakati picha ambazo programu imejifunzia ni za sarafu safi. Isitoshe, programu haijui uzito wala kipenyo usipoiambia.

Chukua thala ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mtawala huyo wa Austria. Uso wake ni wa wazi, mwaka umeandikwa 1780, na programu itakuambia bila kusita kwamba ni sarafu ya 1780. Jina ni sahihi. Mwaka huenda si sahihi hata kidogo. Maria Theresa alifariki 1780, na sarafu yake iliendelea kufuliwa kwa mwaka uleule kwa vizazi baada ya hapo, si Vienna tu bali pia Roma, London, Paris na Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ethiopia waliikubali hiyo kuliko nyingine. Kuzitenga kunataka kuhesabu manyoya ya mkia wa tai na kutazama pini iliyo begani mwa malkia. Kazi hiyo programu haiifanyi.

*Muda na gharama.* Dakika chache. Nyingi huanza bure, kisha hudai malipo ya mwezi.

*Usalama.* Sarafu haiguswi, jambo jema. Angalia tu kama picha unayopakia imebeba vipimo vya mahali, na usichukue bei inayotajwa na programu kuwa bei. Bei hutegemea hali ya sarafu, na hali haipimiki kwa picha moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye sarafu inayosomeka anayetaka pa kuanzia. Inakupa dhana ya kwanza, nawe uende kuipima kwa njia nyingine.

Katalogi na mizani yako

*Usahihi.* Hii ndiyo njia ninayoipenda, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Katalogi nzuri inataja uzito, kipenyo, metali, maandishi na mwelekeo wa pande mbili. Ukiwa na vipimo vyako unaweza kukataa au kukubali kwa ushahidi, si kwa kukisia. Sovereni ya dhahabu ya Uingereza ina gramu 7.98 na kipenyo cha milimita 22. Yako ikiwa na kipenyo hicho lakini gramu 5, hakuna haja ya kubishana na mtu. Thala ya Maria Theresa ina gramu 28 na kidogo. Sarafu ya zamani inaweza kupungua kwa kuchakaa, lakini haiongezeki uzito isipokuwa kwa uchafu au kutu.

Kwa sarafu za dunia tangu ujio wa mashine, Numista ni katalogi ya mtandaoni inayojengwa na wakusanyaji wenyewe, na unaweza kutafuta kwa nchi, mwaka na maneno. Kwa sarafu za dola ya Kirumi ipo OCRE, katalogi ya mtandaoni ya American Numismatic Society, chama kilichoanzishwa New York mwaka 1858, nayo ni bure. Kwa sarafu za mashariki, tovuti ya Zeno ina maelfu ya picha zilizopangwa kwa tawala na miji.

Ugumu wa katalogi ni kwamba lazima usome kitu fulani kwanza. Habari njema ni kwamba huhitaji kujua lugha yote. Kwenye sarafu za Kirumi herufi V inasimama pia kwa U, AVG ni cheo cha mfalme, na herufi chache zilizo chini kabisa ya picha ya nyuma mara nyingi hutaja mji: sarafu ndogo ya bronzi yenye mbwa mwitu akinyonyesha watoto pacha, ikiandikwa VRBS ROMA, ikiwa na TRP au TRS chini, ilifuliwa Trier, katika Ujerumani ya leo. Herufi tatu zimekupa mji.

Sarafu zenye maandishi ya Kiarabu huwatisha wengi, na kumbe tarakimu ndizo rahisi. ١ ni moja, ٢ ni mbili, ٩ ni tisa. Ukiona ١٢٩٩ umeona 1299, na huo ni mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, jumlisha 622, unapata 1882 hivi. Tahadhari moja: ٥ ni tano ingawa inafanana na sifuri ya Kilatini, na sifuri yenyewe ni nukta, ambayo kutu huimeza kabla ya kitu kingine chochote.

Mfano huohuo wa 1299 unaonyesha kwa nini kusoma ni bora kuliko kutazama. Ni mwaka ulio kwenye paisa ya shaba ya Zanzibar ya enzi ya Sultan Barghash, yenye mizani upande mmoja. Mizani ipo pia kwenye paisa za Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India zilizofuliwa kwa ajili ya Bombay miongo mingi kabla, na neno la Kiarabu la uadilifu likiwa kati ya sahani. Mtazamaji wa haraka anaona mizani na shaba, anasema ni kitu kimoja. Anayegeuza upande wa pili anakuta nembo ya kampuni kwa moja na maandishi matupu ya Kiarabu kwa nyingine.

Jambo jingine: si kila duara la metali ni sarafu. Vipande vyembamba vya shaba ya njano vilivyotengenezwa Nuremberg kwa ajili ya kupigia hesabu mezani, vingi vikiwa na jina la Hans Krauwinckel, vimewapotezea watu jioni nzima wakivitafuta kwenye katalogi ya sarafu. Havimo, kwa sababu havikuwa pesa.

*Muda na gharama.* Saa moja, au wiki. Mizani ndogo, rula yenye milimita na lenzi ya kukuza mara kumi vinatosha.

*Usalama.* Juu kabisa. Hakuna anayeigusa isipokuwa wewe, na habari zote zinabaki kwako.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, na mwenye sarafu iliyobakiwa na walau herufi nne au tano. Kwa kipande kilichofutika pande zote mbili, utafungua kurasa bure.

Vikundi vya wakusanyaji

*Usahihi.* Mtu aliyeshika sarafu za aina moja kwa miaka thelathini hutambua kwa mkunjo wa shingo ya mfalme au kwa namna nukta zilivyopangwa ukingoni. Ujuzi huo katalogi haina. Katika kundi kubwa pia kuna wengine wanaojibu kwa kujiamini wasichokijua, na kwa mgeni majibu yote mawili yanafanana. Dalili ya jibu la kuaminika ni kwamba linataja sababu: namba ya katalogi, picha ya mfano, herufi iliyosomwa. "Nadhani ni ya Kirumi" bado si jibu. Omba sababu kwa heshima, na wajuzi wengi hufurahi kuulizwa.

Ubora wa jibu hufuata ubora wa swali. Picha moja yenye ukungu, sarafu ikiwa kiganjani, itavuta makisio kumi. Picha tatu kali pamoja na uzito, kipenyo na jibu la sumaku zinaweza kuvuta jibu moja lililo sahihi.

*Muda na gharama.* Bure, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Sarafu za nadra huchukua muda mrefu hadi mwenye utaalamu huo apite.

*Usalama.* Hapa kuna hatari halisi, nayo ni ya mahali. Ukitaja shamba au ufuko hadharani, wengine watafika na mashine zao kabla hujarudi. Taja eneo kwa upana tu, yaani nchi au mkoa, kwa kuwa hilo lina msaada kwa anayetambua. Na anayekufuata faragha akitaka kununua kabla sarafu haijatambuliwa, mwambie asubiri.

*Inamfaa nani.* Mwenye maandishi asiyoweza kuyasoma, na mwenye sarafu iliyokwisha kushinda programu.

Mfanyabiashara wa sarafu au nyumba ya mnada

*Usahihi.* Kwa kutenganisha halisi na bandia ni vigumu kumshinda, maana kosa linamgharimu pesa yake. Yeye pia ndiye anayejua soko. Kwa sarafu za hali ya chini au za tawala zisizo na wanunuzi, hamu yake hupungua haraka, na utambuzi wake huishia hapo.

*Muda na gharama.* Mazungumzo ya dakika kumi huwa bure, tathmini ya maandishi hulipiwa. Kampuni za kuthibitisha na kupanga madaraja, kama PCGS na NGC, hulipwa kwa kila sarafu, na iliyosuguliwa au kuharibiwa na ardhi hupewa maelezo ya kasoro badala ya daraja kamili.

*Usalama.* Anayekuambia thamani ndiye huyohuyo anayetaka kununua. Hilo halimfanyi kuwa mwongo, lakini ni sababu ya kutosha kuomba maoni kwa wawili walio mbalimbali. Kuhusu mahali ilipopatikana, yeye atataka kujua kama una haki ya kuiuza. Asiyeuliza hilo ndiye wa kumwogopa.

*Inamfaa nani.* Mwenye sarafu iliyokwisha kutambuliwa, iliyo mali yake kisheria, anayefikiria kuuza au kukata bima.

Makumbusho na wanaakiolojia

*Usahihi.* Kwa sarafu za kale, na hasa zisizo na tarehe, hapa ndipo penye kina. Wana mikusanyo ya kulinganishia na vyombo vya kusoma mchanganyiko wa metali bila kukwaruza. Zaidi ya hayo, wanaiweka sarafu pamoja na vitu vingine vilivyopatikana eneo hilo.

Mfano unaonigusa ni wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mwaka 1944 askari wa jeshi la anga, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, mojawapo ikiwa na mwaka 1690. Tano zilizobaki hazikutambulika hadi alipozituma kwa wataalamu mwaka 1979: zilikuwa za shaba, za usultani wa Kilwa. Sarafu za shaba za Kilwa hazina mwaka. Zina jina la sultani upande mmoja na sifa za Mungu zenye vina upande wa pili, kwa hiyo bila mtu anayezijua hakuna tarakimu ya kukushika mkono. Kilichofanya ugunduzi huo uendelee kuchunguzwa ni ramani ambayo Isenberg aliitia alama ya X mahali alipoziokota. Mwaka 2013 watafiti walirudi kisiwani wakiifuata. Sarafu zilezile zisizo na ramani zingebaki kitendawili kisicho na pa kuanzia.

*Muda na gharama.* Bure mara nyingi, ila polepole. Wiki, hata miezi. Na usitarajie bei: makumbusho mengi, British Museum likiwamo, hayatoi tathmini ya fedha.

*Usalama.* Sarafu itatunzwa vizuri na mahali patarekodiwa. Linalowatia watu hofu ni kunyang'anywa. Sheria hutofautiana mno. Nchi nyingi huhesabu kila kitu cha kale kilichomo ardhini kuwa mali ya taifa, na kutafuta kwa detekta bila kibali ni kosa. Nyingine zina utaratibu wa kuripoti. Katika England na Wales, mpango wa Portable Antiquities Scheme ulioanza 1997 umerekodi vitu zaidi ya milioni moja na nusu, na sarafu moja moja kwa kawaida humrudia aliyeileta. Lakini sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha kutoka mahali pamoja, zenye zaidi ya miaka 300, huhesabiwa hazina chini ya sheria ya 1996 na lazima ziripotiwe ndani ya siku 14. Soma sheria ya pale uliposimama kabla hujawasha mashine, na upate ruhusa ya mwenye ardhi.

*Inamfaa nani.* Mwenye kitu cha kale kweli, mwenye sarafu zaidi ya moja, na anayetaka kujua ilifikaje pale.

Kulingana na hali yako

Sarafu inasomeka, ina mwaka, na sura yake ni ya karne mbili zilizopita: anza na programu, kisha thibitisha kwa katalogi ukitumia uzito na kipenyo. Vikigongana, amini mizani.

Maandishi yapo lakini ni ya hati usiyoijua: vikundi kwanza, ukiomba usomewe herufi na si jina tu, halafu fuata katalogi mwenyewe. Ukisomewa mara mbili tatu, ya nne utaisoma wewe.

Imefutika karibu yote: piga picha za mwanga wa pembeni kutoka pande nne, pima, kisha waulize wakusanyaji. Wakikuambia "shaba, huenda ya karne fulani" bila kwenda mbali zaidi, likubali jibu hilo na uliandike pamoja na mahali.

Inaonekana ya dhahabu, au kuna mtu tayari anataka kuinunua: maliza kwanza suala la sheria na umiliki, kisha maoni ya wafanyabiashara wawili wasiojuana, sarafu ikiwa haijaguswa na dawa yoyote.

Na kama shimo limetoa ya pili, na mashine bado inalia, acha kuchimba. Huenda ni akiba iliyofichwa, na mpangilio wa sarafu ndani ya udongo, chungu au mfuko uliooza ni sehemu ya habari yenyewe. Piga picha, funika, chukua vipimo vya mahali, usimtangazie mtu, na uwaite makumbusho au mamlaka ya mambo ya kale siku hiyohiyo.